Filamu Ilipoingia Ndani ya Kamera

Vijana wanaopiga picha za harusi na matanga huku Matungu, kuanzia Mayoni hadi Koyonzo, wakishapata pesa kidogo huuliza swali moja: ninunue bodi gani ya kamera? Lenzi hawaiulizii. Kamera ya mtumba kutoka Luthuli Avenue inauzwa ili inunuliwe nyingine ya mtumba yenye megapikseli nyingi zaidi, na ile lenzi ndogo ya milimita 18 hadi 55 inahamishiwa kwenye kamera ya pili kana kwamba haihusiki na picha. Swali hilo linaniudhi. Si la kijinga, ila miaka thelathini iliyopita hakuna mpiga picha wa huku ambaye lingemjia akilini, na anayejua lilivyozaliwa hapati taabu kulijibu.

Kampuni ya sukari ya Mumias ilianzishwa mwaka 1971, sukari yenyewe ikatoka 1973, na kwa miaka mingi iliyofuata malipo ya miwa ndiyo yaliyolipia picha za huku. Mkulima akishalipwa, familia ilivaa, ikaenda stadio. Wenye umri wanaikumbuka stadio hiyo bila kuelezwa: chumba kimoja cha mbele chenye kioo cha kujitazamia na kitana kilichofungwa kwa uzi, koti na tai za kuazima zilizoning'inia kwenye msumari, maua ya plastiki juu ya stuli, na pazia lililochorwa ndege au bahari ambayo wengi wa waliosimama mbele yake walikuwa hawajaiona. Nyuma ya pazia la pili kulikuwa na chumba cha giza, na harufu yake ilikutangulia mlangoni, siki kali iliyochanganyika na kitu kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Siki ilitoka kwenye dawa ya kuzuia picha isiendelee kuiva, na kiberiti kwenye dawa ya kuifanya idumu. Mwenye stadio ungemtambua sokoni kwa vidole vyake, maana dawa ya kuivisha picha huacha rangi ya kahawia kwenye kucha isiyotoka kwa sabuni. Alikusogeza kidevu kwa ncha ya kidole kimoja, akarudi nyuma, akabonyeza mara moja tu. Filamu ilikuwa ya picha 36, na kila moja ilikuwa na mteja wake.

Kamera aliyoitumia mtu wa aina hiyo ilikuwa nini hasa? Mfano mzuri ni Pentax K1000, iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1997 bila kubadilishwa sana. Ilikuwa sanduku lisilopitisha mwanga, shata, na sindano ndogo ya kupimia mwanga. Picha yenyewe ilishikwa na filamu, na filamu ilinunuliwa upya kwa kila kazi. Kazi ya juani ilitaka ISO 100, ya jioni ikataka 400. Watengenezaji wakiboresha filamu yao, mwenye kamera ya miaka kumi na mitano alifaidika siku ileile sawa na aliyenunua mpya jana, tena kwa bei ya filamu moja. Weka filamu ileile kwenye sanduku la bei rahisi na la bei ghali, uweke mbele yake kioo kilekile, na picha huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo mwenye akiba, kama kamera yake ilikuwa nzima, alikuwa na mahali pamoja pa kuiweka ili picha zibadilike, napo ni kwenye lenzi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Zikaja picha za rangi na mashine za kuosha filamu mijini, wenye stadio wakaanza kupeleka filamu nje, vyumba vya giza vikageuka stoo. Kisha zikaja kamera za dijitali, na hapo filamu ikashonewa ndani ya kamera. Kihisio ndicho filamu, na hakitolewi. Ukitaka filamu mpya unanunua na sanduku, na shata, na kila kitu. Wauzaji wakapata namba rahisi ya kutangazia. Canon EOS 1000D ya mwaka 2008 ilikuwa na megapikseli 10, na Nikon D3200 ya 2012 ikawa na 24. Mwaka huohuo wa 2012, Januari, Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Kijana aliyeanza kazi baada ya hapo hakuwahi kuona filamu ikitenganishwa na kamera, kwa hiyo anadhani ubora wote unakaa kwenye bodi.

Namba zenyewe hazimuungi mkono. Picha ya albamu ya sentimita 10 kwa 15, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji megapikseli 2 na kidogo. Picha ya ukutani ya ukubwa wa A4 inahitaji karibu 9. Kamera ya 2008 inazitosheleza zote mbili. Kinachoharibu picha za huku ni uhaba wa mwanga. Chukua kanisa la kawaida la kijijini, lenye madirisha madogo na bati lisilo na dari, saa kumi na moja jioni na mvua imetanda. Lenzi ya 18 hadi 55, ukiivuta mwisho ili upate uso wa bibi harusi, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya huo. Kazi iliyokulazimisha upandishe ISO hadi 6400, picha ikajaa chenga, sasa unaifanya kwa ISO 650 hivi kwa kasi ileile ya shata. Tuseme bodi mpya zaidi ya kihisio cha ukubwa uleule inakuongezea mara mbili, au hata mara nne kwa kuikadiria kwa ukarimu. Bado haijaifikia lenzi. Na Canon ilipoitoa 50 yake mpya mwaka 2015, iliiuza kwa dola 125, bei ambayo bodi mpya ya aina hiyo haijawahi kuikaribia.

Wapo watakaosema kwamba kwa f/1.8 bibi harusi anatoka safi na bwana anatoka ukungu. Ni kweli, ukiwa karibu nao na wasiposimama sambamba. Funga tundu hadi f/2.8, bado unapata mwanga mara nne ya ule wa f/5.6. Wengine watasema flashi inatosha. Flashi iliyo juu ya kamera hung'arisha paji la uso na kuacha nyuma giza tupu, na ukiielekeza juu ili mwanga urudi umetulia, penye bati bovu bila dari hakuna cha kuurudisha. Na kweli milimita 50 kwenye kihisio kidogo hubana. Ukoo mzima uliosimama kando ya jeneza hauingii. Kwa picha hiyo ile lenzi ya kwanza inafaa kabisa, maana hupigwa nje mchana, kwa hiyo usiiuze.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wanaosema lenzi nayo huachwa na wakati. Mwaka 1987 Canon ilibadilisha kifungio cha lenzi zake, na wenye vioo vizuri vya kifungio cha zamani, FD, wakaachwa navyo mkononi. Nikon imeshika kifungio chake cha F tangu 1959, lakini bodi zake ndogo kama D3100 hazina mota ya kuzungusha lenzi za zamani, kwa hiyo mwenye nazo hulenga kwa mkono. Hayo yote yametokea. Hata hivyo, kampuni hizo mbili zilipoleta vifungio vipya vya kamera zisizo na kioo cha ndani mwaka 2018, zote zilitoa adapta, na lenzi ya Canon EF ya 1990 bado inalenga yenyewe kwenye bodi hizo mpya za Canon. Bodi ya 1990 ni ya filamu, na filamu huku hakuna wa kuiosha.

Nakubali kwamba video imeleta hesabu nyingine. Wateja wa sasa wanaitaka, na 1000D hairekodi video kabisa. Aliyeitiwa kazi ya video, au ambaye shata ya kamera yake imekufa, anunue bodi bila kujilaumu. Simu nazo zimechukua picha za kawaida zote, stadio nyingi zimefungwa, kampuni ya sukari ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na pesa ya miwa iliyokuwa ikileta familia nzima mbele ya pazia haiji kama zamani. Inasikitisha kuona harusi ya watu ikiachwa ndani ya simu inayopotea matatuni, wakati picha ya 1978 ingali ukutani kwa nyanya. Lakini ndiyo sababu hasa ya mpiga picha aliyebaki kutoa kitu ambacho simu haikitoi, na hicho hutoka kwenye kioo kikubwa.

Ukienda kununua lenzi iliyotumika, iondoe kwenye kamera, fungua tundu lake lote, umulike tochi ya simu upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui, hiyo ni kuvu, ugonjwa mkubwa wa lenzi katika hali yetu ya mvua nyingi; irudishe, hata kama bei imeshuka nusu. Na ukishapata safi, usiifungie ndani ya mfuko wa ngozi kabatini. Iweke kwenye kopo la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe kabla ya mvua za Machi.