Safari ya Ulaya ya vijana: Edinburgh, London au Berlin?

Shule ikituma barua ya kuwaomba wazazi wachangie safari ya Ulaya, kikao cha kwanza nyumbani huwa cha bei. Ni sawa, maana kwa wengi wetu fedha hiyo ni ng'ombe kadhaa, au ada ya mdogo wake. Lakini kuna swali ambalo wazazi hulipita haraka: watoto wanapelekwa mji gani, na wanakwenda kuona nini huko?

Mzazi wa Butiama, Musoma au Bunda ana pa kuanzia. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea Tabora na Makerere, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kijana aliyekulia Mara anaweza kuipima miji ya Ulaya kwa historia anayoijua, badala ya picha za mitandaoni. Tuitazame mitatu.

Edinburgh: mji wa kutembea kwa miguu

Mwalimu alisoma hapa hadi mwaka 1952, akarudi na shahada. Kijana wa kidato cha tatu akisimama kwenye chuo hicho anaona kuwa safari iliyoanzia Mwisenge iliwahi kufika huko. Katikati ya mji, kwenye bustani za Princes Street, ipo sanamu ya David Livingstone, yule waliyemsoma kwenye somo la historia, aliyekutana na Stanley pale Ujiji mwaka 1871.

Kwa kundi la vijana mji huu una faida kubwa: si mkubwa sana. Sehemu nyingi za katikati hufikika kwa miguu, hivyo ni rahisi kwa mwalimu kuwahesabu watoto wake. Makumbusho ya Taifa ya Scotland hayana kiingilio. Tatizo ni hali ya hewa. Juni jua huzama karibu saa nne usiku, lakini Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, na baridi ni kali. Shule ikipanga likizo ya Desemba, uliza mara mbili.

London: mengi, lakini macho yawe wazi

Hapa ndipo Mwalimu alipofariki dunia, tarehe 14 Oktoba 1999, katika Hospitali ya St Thomas', iliyo kando ya mto Thames mkabala na Bunge la Uingereza. Greenwich watoto wataukanyaga mstari wa longitudo 0, ule wanaouchora kwenye daftari la jiografia, na kuelewa kwa nini saa zetu ziko mbele kwa tatu. Kiingilio cha British Museum ni bure.

London ni ghali, na ni kubwa. Treni za chini ya ardhi hujaa, na mtoto mmoja akichelewa kupanda kundi zima linakwama. Dai kujua idadi ya walimu, na kama kila mtoto atakuwa na simu inayofanya kazi huko pamoja na anwani ya hoteli mfukoni.

Berlin: historia yetu upande wa pili

Huu ndio mji ambao wazazi wengi hawaufikirii, nao umebeba mambo mengi ya Tanzania. Katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe umesimama mfupa wa dinosaria wenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandarini. Mtoto anaweza kuuliza hapo hapo: kwa nini uko huku?

Upande wa kaskazini wa mji upo mtaa wenye barabara zenye majina ya Zanzibar na Usambara. Barabara moja iliyohusishwa na Carl Peters ilibadilishwa jina mwaka 2024, na sehemu yake sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Lakini Berlin inahitaji mwalimu aliyejiandaa. Bila maelezo, mtoto atarudi na picha ya mifupa tu.

Viza: hapa ndipo pesa hupotea

London na Edinburgh ni viza moja ya Uingereza. Berlin ni viza ya Schengen, ambayo huruhusu pia kuingia Ufaransa, Uholanzi na nchi nyingine za kundi hilo. Kuchanganya Edinburgh na Berlin ni maombi mawili na gharama mbili.

Ada ya Schengen kwa mwenye miaka 12 na zaidi ni euro 90, na hairudishwi ukikataliwa. Hata hivyo, kanuni za Schengen zinawasamehe ada wanafunzi na walimu wanaofuatana nao wakienda kwa ajili ya masomo au mafunzo. Mwalimu aliulize ubalozi kabla ya kuwachangisha wazazi. Schengen pia hudai bima ya safari ya angalau euro 30,000. Vijana huchukuliwa alama za vidole, kwa hiyo weka kwenye hesabu nauli ya Musoma hadi Dar es Salaam na kurudi, pamoja na malazi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, andaa pia cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya wazazi.

Uamuzi

Kwa kundi linalosafiri mara ya kwanza, mimi ningechagua Edinburgh mwezi Juni, na siku mbili za London mwishoni kwa viza ile ile. Kundi linalopenda historia na sayansi, lenye mwalimu aliyesoma vizuri, lifikirie Berlin.

Fedha isipotosha, usiuze ng'ombe wa kulimia. Kampala haihitaji viza kwa Mtanzania, na Makerere, alikosoma Mwalimu miaka ya 1943 hadi 1945, ipo pale. Safari ya basi ambayo darasa zima linaimudu ina faida kuliko ndege ya watoto wanne huku thelathini wakibaki wakiwatazama.

Vyovyote iwavyo, kabla ya pasipoti, kundi lipelekwe siku moja Mwitongo, Butiama, kwenye kaburi la Mwalimu na makumbusho yake. Kila mtoto aandike maswali matatu ya kwenda nayo. Wa kwako akishindwa kupata hata moja, mpe muda. Safari ya mwakani bado ipo.