Mchana wa Mwajiri, Usiku wa Makonyo

Mwaka huu nimeulizwa swali moja mpaka nimechoka kulihesabu: "Hivi wewe unaandika saa ngapi?" Wengine wanauliza kwa wema. Wengine wana maana kwamba mtu anayeandika hivi bila shaka hana kazi ya kufanya. Na mmoja, ambaye ndiye anayetia saini mshahara wangu, aliuliza akiwa na lake. Alisema kama nina muda wa kuandika mambo yangu, basi nina muda wa kushika zamu ya Jumapili.

Nilicheka nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Jumapili iliyofuata jina langu lilikuwa ukutani, na ile ya baadaye pia.

Leo basi nijibu, maana naona swali hili si langu peke yangu. Namjua mwalimu wa skuli anayetunga mashairi akishamaliza kusahihisha madaftari. Namjua nesi wa Wete anayepiga picha nzuri kuliko wapiga picha tunaowalipa. Mchana ni wa mwajiri, usiku ni wako, na mwili ni huo huo mmoja. Sijui nyinyi wenzangu wa Dar na Nairobi mnafanyaje na ile foleni yenu, lakini nitasema ninavyoona kutoka hapa Chake.

Kwa wasioijua kazi ya habari Pemba, niwape picha kidogo. Kisiwa kina mikoa miwili na wilaya nne. Chumba chetu cha habari kina watu watatu. Asubuhi kuna semina hapa Chake Chake (semina hazijawahi kutuacha yatima!), mchana mkuu wa wilaya yuko Micheweni, kule juu kaskazini, na jioni kuna jambo bandarini Mkoani, kule chini kusini. Ukirudi unakata sauti, unaandika, unatuma Unguja, nao wanatoa nusu yake. Ukifika nyumbani, kundi la WhatsApp la ofisini linaanza. Zamani ofisi ilikuwa na mlango, mtu akiufunga amefunga. Sasa ofisi inalala na wewe chini ya mto.

Bibi yangu anasema enzi zao kilichokuwa kinawalaza watu ni mafuta ya taa. Yakiisha, umemaliza. Mwaka 2010 tuliunganishwa na umeme wa bara kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga, na tangu hapo, ukiacha siku unapokatika, hakuna kitu kinachokwambia usiku umekwisha. Simlaumu mtu kwa umeme, jamani, tuliusubiri sana. Nasema tu kwamba ile taa ilikuwa inatufanyia kazi moja ambayo sasa inabidi tujifanyie wenyewe.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliandika rasmi maana ya huku kuchoka na kazi ninakokusema. Halikukuita ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa, na likataja dalili tatu: nguvu zinaisha, moyo unajitenga na kazi mpaka unaibeza, na uwezo wa kuifanya unapungua. Mimi ya kwanza hainitishi. Nani kisiwani humu hajawahi kuchoka? Anayepanda mkarafuu tangu alfajiri anachoka kuliko mimi. Ninayoiangalia ni ya pili. Siku ninapomhoji mama aliyepoteza nyumba kwa moto huku kichwani nahesabu ni sekunde ngapi za sauti nitazitumia, hapo najua kuna kitu kinaungua ndani, hata kama nimelala saa nane.

Watu wakizungumzia mambo haya hupenda kuleta mfano wa Shaaban Robert. Na kweli, mzee yule hakuwahi kuwa na anasa ya kuandika tu. Kuanzia 1926 mpaka 1944 alikuwa karani wa forodha, kisha akahamia idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya Tanga, kisha ofisi ya upimaji ardhi. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zinazokaribia 3,000, aliutunga kuhusu vita vya pili vya dunia huku akiwa mtumishi wa serikali. Sawa. Lakini tazameni jambo moja ambalo wanaomtaja hawalitaji. Forodhani alikuwa anahesabu mizigo na ushuru. Akirudi nyumbani, lugha ilikuwa bado inamngoja, haijaguswa na mtu. Mwandishi wa habari hana bahati hiyo. Sisi tunauza maneno kutwa nzima, halafu usiku tunataka maneno yale yale yatuchekee.

Kwa hiyo ninayemtazama zaidi ni mwingine, na ni wa kwetu Zanzibar: Mohammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, aliyezaliwa 1918. Huyu alianza kama mkaguzi katika idara ya afya, na kuanzia 1948 akaingia kwenye magazeti. Alihariri Zanzibari, akawa mhariri msaidizi kwenye Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, na mwaka 1958 akakabidhiwa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, akakaa nalo mpaka alipostaafu 1968. Huyo ni mwenzetu kabisa. Anajua maana ya kungojwa na mtambo wa kuchapa. Na katikati ya hayo yote, miaka ambayo Unguja ilikuwa inachemka kwa siasa na uchaguzi wa kwanza wa 1957, alimtunga Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Mzimu wa Watu wa Kale ikashinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kutoka kitabuni 1960.

Swali langu kwake lingekuwa lile lile ninaloulizwa mimi: uliandika saa ngapi? Sina wa kunijibu, alifariki 1991. Lakini tarehe za vitabu vyake zinasema kitu. Baada ya 1960, kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka 1968. Miaka minane! Mwaka huo ndio akastaafu. Halafu vikafuatana: Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Yaani alipokuwa na ajira kitabu kilichukua miaka minane, na alipoiacha vinne vikatoka ndani ya miaka minne. Sasa sisi tuna kiherehere cha kutaka kila wiki tuwe tumetoa kitu, na wiki ikipita kimya tunajiona tumekufa. Bwana Msa alikaa kimya miaka minane na leo bado anasomwa maskulini.

Jingine ninaloliona kwake ni kwamba alipohariri mambo ya kilimo mchana, usiku hakuandika juu ya kilimo. Alikwenda mbali kabisa, kwenye maiti na mizimu na watu wanaodanganyana. Alibadilisha shamba. Nadhani hilo ndilo lililomwokoa kuliko idadi ya saa alizolala, ingawa ni dhana yangu tu.

Ningependa kufuata njia yake moja kwa moja, ila nina matatizo mawili. La kwanza, sina kipaji cha upelelezi, kila nikijaribu muuaji anajulikana ukurasa wa pili. La pili ni zito zaidi. Bwana Msa aliweza kungoja. Alikuwa kichwani mwa mwenyewe, mwenyewe akistaafu wataonana. Ninayoyaandika mimi hayamo kichwani mwangu. Yamo vichwani mwa wazee wa kisiwa hiki: namna karafuu zilivyopimwa na kukopeshwa, nani alijenga msikiti gani, nyimbo walizoimba wanawake siku za kuchuma, maneno ya Kipemba ambayo wadogo zangu wakiyasikia wanacheka. Wazee hawangoji nistaafu.

Palikuwa na mzee mmoja wa Mtambwe aliyeniahidi kunieleza habari za majahazi aliyoyapanda ujanani. Tulipanga Jumapili. Nikawa kwenye zamu. Tukapanga Jumapili nyingine. Nikawa kwenye zamu. Nilipofika, watu walikuwa wamekaa kwenye majamvi na khitma imekwisha somwa. Mjukuu wake alinipa kahawa, akaniambia, "Babu alikuwa akikuuliza." Nilirudi Chake na gari ya mwisho na sikuandika chochote kwa muda mrefu.

Kwa hiyo watu wanaponiambia "acha kwanza, pumzika, utaandika baadaye", nawasikia, ila wananiambia jambo lisilowezekana. Na wanaoniambia "kaza, lala saa nne tu, wakubwa wote walifanya hivyo" wananiambia jambo jingine lisilowezekana. Nina rafiki tuliyeanza naye kazi, mwandishi mzuri kuliko mimi, aliyekaza hivyo kwa miaka miwili. Leo haandiki hata ujumbe wa simu wenye mistari mitatu. Anauza vifaa vya umeme jua, na akiona kalamu anageuza uso. Simcheki. Biashara yake inakwenda vizuri na analala.

Lililonisaidia nimelipata kwenye karafuu, na wala si kwa mafumbo. Walioishi na msimu wanajua kwamba kuchuma ni nusu tu ya kazi. Karafuu zikirudi nyumbani lazima zichambuliwe, kila ua litolewe kwenye kikonyo chake, kisha zianikwe. Haziwezi kulala mbichi kwenye gunia. Kwa hiyo usiku, baada ya kutwa nzima ya shamba, nyumba nzima inakaa chini kuchambua, na majirani wanakuja. Hiyo nayo ni zamu ya pili, tena baada ya kazi ngumu kuliko yangu. Lakini hakuna anayeizungumzia kama adhabu. Kuna chai, kuna umbeya, watoto wanasinzia juu ya majamvi. Mikono inafanya kazi ndogo inayojirudia na ulimi uko huru. Hakuna mtu anayepanda mkarafuu usiku. Cha usiku ni kile kilichokwisha kuletwa na mchana.

Na yale makonyo hayatupwi. Yanakaushwa, yanauzwa, na pale Wawi, nje kidogo ya mji wetu, kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta. Ukipita upepo ukiwa upande wako, unayanusa.

Nikaanza kuifanya kazi yangu hivyo. Mchana nachuma kwa ajili ya mwajiri, na anapata ua lote, simfichi kitu. Lakini kila habari ina makonyo yake. Nikitumwa kuandika bei ya karafuu, gazeti linataka bei, tani na kauli ya ofisa. Haliwezi kutaka alichosema mama wa Mtambile kuhusu mkarafuu aliopandiwa siku aliyozaliwa. Hicho ni changu. Nakiandika mistari mitano palepale kwenye gari wakati wa kurudi, kwenye kidaftari, kwa lugha yake mwenyewe. Usiku sitafuti mada, siwapigii watu simu, sianzi jambo jipya. Nakaa na ile mistari mitano na kuichambua. Ikigoma, naianika mpaka kesho. Siku nyingine inakaa miezi.

Nimeweka pia masharti machache, ya kibinafsi, msiyachukue kama sheria. Siandiki usiku ule nilioandika habari ya msiba. Simu ya ofisi inabaki ukumbini baada ya isha, na kama meli imezama watakuja kugonga mlango, Chake si kubwa kiasi hicho. Mwezi wa Ramadhani naandika kati ya tarawehe na daku, kwa sababu kisiwa kizima kiko macho na sijioni mwendawazimu peke yangu. Na bibi yangu ana siku yake. Alhamisi jioni ni yeye na mimi, bila kinasa sauti. Mara ya kwanza nilipoacha kinasa sauti mezani akaniuliza, "Leo hujaja kazini?" Nikamwambia hapana, bibi. Akazungumza mpaka usiku mkubwa, mambo ambayo hajawahi kuiambia mashine.

Kuhusu zamu za Jumapili. Nilikwenda kumwona mkubwa wangu. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia kwa adabu kwamba Jumapili nitaishika kama wenzangu wawili wanavyoishika, moja katika tatu, na nilichoandika usiku hakijawahi kuchelewesha habari yake hata moja. Nilimwekea mezani orodha ya habari zangu za miezi sita. Aliipitia yote, polepole, akiwa amevaa miwani. Hakusema ndiyo wala hapana. Wiki ile jina langu halikuwemo ukutani. Wiki ya pili lilikuwemo, ya tatu na ya nne halikuwemo. Naona hesabu imemwingia, ila hajasema, nami simuulizi.

Jumapili hii niko huru. Kuna bibi kizee Kojani, mvuvi mstaafu kaniambia habari zake, anayekumbuka jinsi nyavu zilivyokuwa zikisukwa kwa mkono kabla ya hizi za kununua. Boti inaondoka asubuhi na maji yakijaa. Kidaftari kimebaki na kurasa kumi na moja tupu.