Fundi ni ndugu, taa inapepesa

Nyumba nyingi zina taa moja ambayo kila mtu ameshaizoea. Inawaka, inafifia, inapepesa mara mbili tatu, kisha inatulia, na mwenye nyumba anamwambia mgeni, "Hiyo ndiyo tabia yake." Mwingine anaipiga swichi kofi. Mwingine ananunua balbu mpya leo, na nyingine mwezi ujao.

Kwa mama mkwe wangu, Ikungi, taa ya namna hiyo ilikuwa ya chumba wanacholala wajukuu. Ilicheza zaidi upepo ukivuma, na anayeijua Singida anajua kwamba upepo wetu si wa mchezo, hasa wakati wa kiangazi. Bati hupiga kelele usiku kucha na vumbi huingia mpaka kwenye sufuria. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Jirani alisema umeme wa kijijini ndivyo ulivyo. Shemeji yangu alisema ni mashine ya kusaga inavuta umeme. Bibi mmoja aliyekuja kwenye msiba aliitazama dari kwa muda mrefu, akasema kuna mkono wa mtu.

Shemeji hakukosea sana. Mota kubwa ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na taa za karibu hufifia kwa kitambo kidogo. Lakini hapo hufifia nyumba nzima, na kwa jirani pia. Tena mashine haisagi saa sita ya usiku. Kwa mama, sebule ilikuwa imetulia na kwa jirani hapakuwa na shida. Kilichocheza ni chumba kimoja na korido yake. Balbu ilikwishabadilishwa mara nne, hivyo si balbu. Kilichobaki ni waya wa upande ule, juu ya dari, ambako mbao hutikisika bati likisukumwa na upepo.

Naamini mama alilijua hilo kabla yetu. Kilichomzuia kumwita fundi ni kwamba waya ule ulifungwa na mtoto wa kaka yake.

Msomaji wa kijijini atanielewa. Kuunganishiwa umeme vijijini ni Sh27,000, na kwa bei hiyo wengi tumepata nuru ambayo wazazi wetu hawakuiota. Lakini kutoka kwenye mita kuingia ndani, waya, swichi, soketi na mkono wa fundi ni juu ya mwenye nyumba, na hapo ndipo watu hubana matumizi. Kijana alikuwa amejifunza kazi kwa kufuatana na mafundi Dodoma. Aliifunga nyumba ya shangazi yake kwa nauli na chakula. "Nikimwita mwingine," mama alisema, "kaka yangu nitamwambia nini?" Ikapita miezi minane hivyo.

Mkwe huingiaje kwenye jambo la mama mkwe na kaka yake? Haingii. Nilizungumza na mume wangu, naye akazungumza na dada yake mkubwa, na wifi ndiye aliyepata njia. Alimpigia kijana simu: kuna fundi anakuja kuongeza soketi, njoo msaidiane. Wala haukuwa uongo, soketi ilihitajika kweli.

Fundi alitoka Singida mjini Jumamosi asubuhi, mtu mwenye leseni ya Ewura. Nilipenda alivyoanza. Hakupanda ngazi kwanza. Aliuliza taa ipi, saa ngapi, na nini kingine huwa kinawaka wakati huo. Kisha akazima meini swichi, akahakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, ndipo akapanda, kijana akimshikia tochi.

Juu ya dari, waya ulikuwa umesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Tepu ilikuwa imekakamaa, plastiki ya waya imeyeyuka, na kwenye ubao wa kenchi palikuwa na weusi wa ukubwa wa kiganja. Chini yake, upande wa pili wa dari, ndipo kilipo kitanda cha watoto.

Soketi ya korido, ambako sare za shule hunyooshewa, ilikuwa imevutwa kutoka kwenye waya huohuo mwembamba wa taa. Pasi ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 4. Kwenye kiungo kilicholegea, umeme huruka nafasi ile ndogo na kutoa joto, joto hulegeza kiungo zaidi, na kesho yake joto huongezeka. Taa kupepesa ndiyo sehemu tunayoiona.

Wifi akauliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo: mbona sakitibreka haikukata? Kwa sababu kazi yake ni kukata umeme ukizidi kipimo au nyaya zikigusana. Hapa umeme haukuzidi, ulikuwa unapita mahali pabovu tu. Nyumba ingeweza kushika moto huku sakitibreka imetulia, haina habari.

Alikuta na jingine. Taa ya baraza ilikuwa ikiwaka kidogo kidogo hata ikizimwa, watoto wakaipa jina la mzimu. Swichi yake ilikuwa imefungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto, kwa hiyo ukiizima, holda inabaki na umeme. Kama unayo ya namna hiyo kwako, usiibadilishe balbu kabla hujazima meini swichi. Na ikiwa nyumba nzima inapepesa wakati kwa jirani kumetulia, zima meini swichi umwite fundi. Zikipepesa za mtaa mzima, au zako ziking'aa kupita kawaida huku za jirani zikififia, zima pia, kisha uwapigie Tanesco.

Kazi iliisha saa tisa alasiri. Soketi ikapata waya wake mnene, viungo vikafungwa kwa konekta ndani ya boksi. Mama aliutazama ule weusi, kisha akaomba kitanda kihamishwe, ingawa hapakuwa na sababu tena. Tulikihamisha.

Kijana hakusema neno wakati wa chakula. Aliuliza tu konekta zile zinauzwa wapi, na kipande cha waya ulioungua akakitia mfukoni.

Usiku kaka yake mama alipiga simu. Mama alitoka nje kuipokea, sisi tukanyamaza tukisikiliza. Aliporudi aliketi, akajifunga khanga vizuri. Kijana alikuwa amemweleza baba yake mwenyewe.

"Anauliza huyo fundi ataweza kwenda lini na kwake," mama alisema. "Ile nyumba nayo aliifunga yeye."

Fundi anakwenda Jumamosi hii.