Samaki wa Madimbwi Ndani ya Kioo



Walimu wenzangu wameniuliza mara kwa mara jinsi tulivyofuga samaki nyumbani huku Saadani katika miaka ya 1970, pasipo umeme, pasipo pampu ya hewa, wala maji ya mfereji. Nawajibu kwa maandishi, maana kazi yenyewe si ngumu, nayo yafaa nyumba yenye watoto.

Kwanza chombo. Fundi alitutengenezea sanduku la vioo lenye fremu ya chuma, akaziba pembe zake kwa lami. Lilichukua yapata lita 40. Chini tukatandika udongo mweusi wa mbuga, kina cha vidole viwili, ule ule unaonasa magari wakati wa masika. Juu yake tukatia mchanga wa mto, tuliouosha hata maji yakatoka safi. Mchanga wa pwani haufai kwa sababu ya chumvi na vipande vya makombe. Kisha tukapanda magugu ya dimbwini: yungiyungi changa, na yale majani marefu membamba kama utepe, na lile gugu lisilo na mizizi lielealo kama mkia wa paka. Maji tuliyamimina juu ya sahani, polepole, ili udongo usitibuke. Sanduku likawekwa karibu na dirisha la mashariki, lipate jua la asubuhi tu, kwa kuwa jua la kutwa huyageuza maji kuwa kijani. Hapo tukangoja wiki tatu bila samaki hata mmoja. Watoto walinung'unika sana, walakini magugu hayana budi kushika mizizi kwanza.

Mmea ulio majini ukipata nuru hutoa oksijeni, ambayo samaki huivuta. Na uchafu wa samaki huwa mbolea ya mmea. Elimu hii ni ya zamani. Mwaka 1849 Robert Warington, mkemia wa London, alitia samaki wawili wa rangi ya dhahabu pamoja na magugu katika chombo cha kioo. Majani yalipooza maji yakachafuka. Akaongeza konokono wa majini, nao wakala yale yaliyooza, maji yakatakata. Mwaka 1850 akawaeleza wakemia wenzake habari hiyo. Sisi nasi tulitia konokono watano, wakawa mia kabla ya mwezi wa Agosti. Hiyo ni taabu ndogo.

Jihadharini na usiku. Gizani magugu nayo huvuta oksijeni kama samaki, na chombo chenye samaki wengi utawakuta alfajiri wakihema juu ya maji. Katika lita 40 tulitia watano tu. Jambo la pili ni chumvi. Maji hupungua kwa joto, na visima vingi vya pwani vina magadi au chumvi; ukijazia kwa maji hayo chumvi hubaki na kuzidi kila wiki. Tulijazia maji ya mvua, tuliyoyakinga katika pipa lenye kifuniko.

Samaki wetu hawakununuliwa. Walitoka katika madimbwi ya mvua, yale yanayokauka kabisa wakati wa kiangazi. Wataalamu huwaita Nothobranchius. Yule wa Unguja alielezwa na Pfeffer, Mjerumani, mwaka 1893. Dume ni mzuri ajabu, mwenye rangi nyekundu na samawati. Jike ni wa kijivu. Madume hupigana, basi tulitia dume mmoja na majike wanne.

Mwezi wa Aprili mwaka ule tulikuwa tumemzika mtoto wa jirani kwa homa ya malaria. Kwa hiyo mzee mmoja wa kanisa alipoliona sanduku letu alikasirika. Akasema, "Mwalimu, umewaletea watoto mbu ndani ya nyumba." Hofu yake ilikuwa ya haki, tangu Ronald Ross alipoonyesha mwaka 1897 kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu, hakuna mtu wa kudharau maji yaliyosimama. Nikamwambia, "Karibu uketi, mzee wangu, utazame." Nyuma ya nyumba palikuwa na karai tulilolijaza kusudi maji ya dimbwi, halina samaki, baada ya siku sita lilijaa viluwiluwi vya mbu. Nikachota kikombe kizima, nikamimina katika sanduku. Mzee alikuwa hajamaliza chai yake, na viluwiluwi vyote vimeliwa. Akatazama sana, halafu akaniamuru nilimwage karai mbele ya macho yake, nami nikalimwaga. Nilikuja kusoma baadaye kwamba Vanderplank alikuwa amekwisha kuandika habari za samaki hawa na malaria mwaka 1941.

Wasomaji wajue kwamba samaki hawa huishi muda mfupi tu, hata wakitunzwa vema. Mwezi wa Agosti wetu walianza kufa, mmoja mmoja. Lakini tulikuwa tumeweka ndani bakuli la tope laini, nao walitaga humo. Tukalitoa lile tope, tukalikamua maji, tukalifungia katika kopo, likiwa na unyevu kidogo. Mayai hukaa hivyo miezi mitatu au zaidi, yakingoja mvua.

Nilipokuwa nikiwaeleza watoto haya, dada wa yule marehemu, binti wa miaka tisa, akaniuliza, "Mwalimu, na mdogo wangu ni kama yai lile?"

Najua wahubiri wengi wangaliushika mfano huo kwa mikono miwili. Mimi sikuweza. Nikamjibu, "La, mwanangu. Samaki aliyekufa amekufa. Watakaotoka ni watoto wake. Mdogo wako tunamtumainia kwa kuwa Kristo alifufuka. Neno hilo halimo katika kopo hili." Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaomba kopo likakae kwao, na mama yake akakubali.

Mvua ya vuli ilinyesha mwezi wa Novemba. Tukalimimina tope katika beseni, tukatia maji ya mvua, na kesho yake asubuhi binti akahesabu vijisamaki kumi na vinne, vyembamba kama nyuzi. Tuliwapa vidudu vidogo sana vya dimbwini, na baada ya wiki chache madume wakaanza kupata rangi.

Anayetaka kujaribu leo akumbuke kwamba sehemu kubwa ya nchi ya Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005. Asichukue samaki wala magugu humo bila ruhusa. Wala asimwage samaki wa kigeni katika madimbwi yetu, wasije wakawamaliza wenyeji.

Tope lile tulilikamua tena, tukalirudisha katika kopo hata masika. Mayai hayaanguliwi yote kwa mvua moja. Mengine hubaki, vuli ikiwa fupi.