Mswaki wa Garissa na Meno Yaliyopandana

Ukishavuka daraja la Mto Tana umeingia Garissa, na sokoni hutembei mbali kabla ya kuuziwa mswaki. Si wa plastiki, bali kijiti cha mti wenyewe uitwao mswaki; Wasomali huita adey. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake mwaka 1986.

Lakini kijiti husafisha, hakinyooshi. Mama ambaye chonge la bintiye limepanda juu ya jino jingine aanzie kwa daktari wa meno katika hospitali ya rufaa ya Garissa. Wakiambiwa ni kazi ya vyuma, safari ndiyo kwanza imeanza! Mabingwa wengi wa kunyoosha meno wako Nairobi, kilomita 370 hivi, na vyuma hukazwa kila wiki 4 hadi 8, kwa mwaka mmoja na nusu au miwili. Nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, mara kumi na zaidi. Vipo vifaa vya kuvaa na kuvua, ila hivyo havifai kila kasoro. Kisha vyuma vikitolewa, asipovaa kifaa cha kuyashikilia, meno hurudi yalikotoka.

Mama amuulize daktari idadi ya safari kabla ya waya kufungwa. Mswaki binti asiuache, japo nyuma ya waya hauingii vizuri. Hapo anunue brashi ndogo.