Mgeni Darasani Kwao

Agosti iliyopita nilikuwa Niboye, jijini Kigali, Rwanda, kwa dada yangu, mwendo mfupi kutoka Kicukiro Centre. Mpwa wangu, anayeingia darasa la tatu, alikaa barazani na daftari la hesabu za likizo. Swali lilikuwa la Kiingereza: mama ana maembe 12, anawagawia watoto watatu sawasawa, kila mmoja atapata mangapi? Akalisoma kwa sauti bila kukwama hata neno moja, kisha akanitazama. "Mjomba, huyu mama anataka nini?" Nikamweleza kwa Kinyarwanda. Sijamaliza sentensi, ameshasema: manne.

Nimeyafikiria maembe hayo tangu nirudi Ghent, Ubelgiji, ninakoishi. Mwanangu alinifuata huku kutoka Kigali akiwa na miaka 13, Kiholanzi hajui hata salamu. Nilidhani atatupwa darasani na wenzake ajifie huko. Hapana. Shule za upande wa Waflemi zina darasa la kupokelea wageni, wanaliita OKAN, na mtoto hukaa humo kwa kawaida mwaka mzima. Historia na biolojia zinasubiri. Karibu wiki yote ni lugha: wanaigiza dukani, wanapanda tramu kusoma majina ya vituo. Kila kitu darasani kimebandikwa jina lake, mlango, dirisha, hata pipa la taka. Akihamia shule ya kawaida, kuna mtu ambaye kazi yake ni kufuatilia kama anaelewa masomo.

Sasa mtazameni mpwa wangu. Amezaliwa Niboye. Anaongea lugha ya mama yake, ya muuza maziwa, ya mwendesha pikipiki na ya mwalimu wake. Lakini siku aliyovaa sare ya bluu kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyeingia darasani kama mgeni, na mwaka wa kupokewa hakupewa.

Hadithi ya lugha shuleni Rwanda ina kona nyingi. Oktoba 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, mwaka mmoja baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, huku walimu wengi wakiwa wamesomea Kifaransa. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarudishwa kwa madarasa matatu ya mwanzo. Desemba 2019 wizara ya elimu ikatangaza tena Kiingereza tangu darasa la kwanza. Jirani wa dada yangu ni mwalimu, na kona zote hizo amezipitia akiwa na chaki mkononi. Nilimuuliza anafundishaje. Akacheka: "Mlango ukiwa wazi, Kiingereza. Ukifungwa, tunaelewana."

Sitaki mtu anisome akadhani nimekuja kuiponda nchi yangu kutoka kwenye baridi. Nimeyaona yaliyofanyika. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2003, watoto wakafurika, ndiyo maana shule nyingi bado zinapokea wadogo kwa zamu mbili, wa asubuhi wakitoka wa mchana wanaingia. Mwaka 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa korona, yalianza kujengwa madarasa zaidi ya 22,000. Mwaka 2022 walimu wa msingi wenye cheti cha sekondari (A2) waliongezewa mshahara kwa asilimia 88. Na chakula! Tangu 2021 hata watoto wa chekechea na msingi wanakula shuleni, na mwaka 2022 mchango wa mzazi wa msingi uliwekwa faranga 975 kwa muhula. Huku Ghent mwanangu hubeba mkate na jibini kwenye kikasha cha plastiki, na ule ndio mlo wa mchana. Walimu wa huku wanasema wapo watoto wanaofungua vikasha vitupu. Maharage ya moto kila mchana ni jambo ambalo Niboye ingeweza kuwafundisha Wabelgiji.

Ila tumbo likishiba, kichwa nacho kinadai chake. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mtoto wa Rwanda atasoma miaka 6.9 hadi afikie umri wa miaka 18, lakini ukipima anachojifunza kweli, ni sawa na miaka 3.9. Sidai kwamba miaka yote mitatu iliyopotea imemezwa na lugha. Mlundikano wa wanafunzi na uchache wa vitabu vina sehemu yao. Mimi nasema tu nililoliona barazani: hesabu alikuwa nayo.

Nilimwambia dada hayo nikiwa bado kwake, akanijia juu. "Unataka mwanangu asome Kinyarwanda kitupu, kesho awafungulie geti watoto wa wenzake?" Ana hoja. Wenye uwezo mtaani kwake wanapeleka watoto shule za kulipia, wakisikia Kiingereza tangu wana miaka mitatu. Mimi mwenyewe nilizaliwa ukimbizini Karagwe, Tanzania, nikasoma msingi kwa Kiswahili, na ukuta wa Kiingereza niliugonga sekondari. Uliuma, lakini kugawanya maembe nilikuwa najua. Na hao Waflemi wanaompokea mwanangu kwa subira, mababu zao wenye elimu ya juu walisomeshwa kwa Kifaransa vizazi na vizazi. Chuo kikuu cha Ghent kilihamia Kiholanzi kikamilifu mwaka 1930 tu, baada ya mvutano wa miaka mingi. Hawajawa watakatifu, maana zipo shule huku zinazokaripia watoto kwa kuongea Kituruki uwanjani. Ila hakuna anayefikiria kumfundisha Mflemi wa miaka saba kujumlisha kwa Kiingereza.

Tulipokuwa tunabishana, mwanangu, niliyekwenda naye likizo, alikuwa amepotea ndani na mkasi. Alikata karatasi, akaandika majina kwa Kiingereza chake cha Kigali, Kinyarwanda chini yake, akabandika nyumba nzima: friji, jiko, kitanda, ndoo. Binamu yake akimfuata nyuma na gundi, wakizozana kwa Kinyarwanda neno lipi ni lipi. Hakuna aliyemtuma. Ndivyo alivyofundishwa yeye.

Vikaratasi bado vipo. Cha getini kililowa mvua ya Septemba kikabanduka. Dada, aliyenijia juu siku ile, ameandika kingine kwa mkono wake na kukifunika kwa mfuko wa nailoni. Amekosea herufi moja. Binti yake ndiye aliyemsahihisha.