Gereza ni kanisa

Watu wa rika letu wengi tumewajua Matempla kupitia gemu na sinema: joho jeupe, msalaba mwekundu, Yerusalemu. Mpwa wangu, tunayekaa naye hapa Clintonville, anazijua ngome zao zote kwa majina. Aliponiuliza, "Mjomba, na kwetu walifika?" nilimwambia ndiyo, ila kwa jina lingine.

Papa aliwavunja Matempla mwaka 1312. Ureno, Mfalme Dinis hakutaka mali yao itoke nje, basi mwaka 1319 likaundwa Shirika la Kristo, likarithi ardhi na ngome zilezile. Baadaye makao yake yakawa Tomar, kwenye ngome ambayo Matempla walianza kuijenga mwaka 1160. Ndani yake mna kanisa la mviringo, kuta nene kama za boma. Ukiliona hujui kama watu waliingia kusali au kujificha. Nadhani ni yote mawili.

Kuanzia 1420 shirika hilo lilisimamiwa na mwanamfalme Henrique, na pesa zake zikasaidia safari za kuizunguka Afrika. Ndiyo maana tanga za Vasco da Gama zilikuwa na msalaba wa shirika. Alifika Malindi mwaka 1498, na nguzo yake yenye msalaba juu ipo hadi leo, ukingoni mwa bahari.

Halafu Mombasa. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, ramani ikachorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Kusema kweli si jengo la zama za kati. Hakuna minara mirefu; kuta ni nene na pembe zimechomoza nje, kwa sababu mizinga ilikuwa imeshabadilisha vita. Lakini mawe ni ya matumbawe, yaleyale ya nyumba za Mji wa Kale, na ndani Wareno waliweka kanisa. Kanisa kwa Kireno ni *igreja*. Sema haraka haraka mara tatu. Ndilo neno letu: gereza!

Waomani waliizingira karibu miaka mitatu, wakaichukua 1698. Waingereza wakaifanya jela kamili, kuanzia 1895 hadi 1958.

Hapo ndipo historia inaingia nyumbani kwetu. Babu yangu alikuwa askari jela mle ndani, miaka ya mwisho mwisho. Baba, akiwa mtoto, alikuwa anampelekea chakula cha mchana hadi mlangoni. Sisi tumezaliwa huku Ohio, tunaona Fort Jesus ni fahari: urithi wa dunia tangu 2011, picha za harusi, kadi za posta. Baba hataki hata picha yake ukutani. Nilipomweleza habari za *igreja* alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Halafu akasema, "Babu yako alikuwa anatoka mle hana sauti. Anakula, analala."

Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia hilo. Yaani tumeongea Kiswahili kila siku mezani, na hilo halikusemwa.

Tunaenda Mombasa Julai. Mpwa wangu ameshaandika orodha ya vitu vya kupima ndani ya ngome, hadi unene wa kuta. Baba kasema atatupeleka mpaka mlangoni, yeye abaki nje anywe kahawa.